Debe Lenye Matawi

Picha ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, barazani pa boma la Singida, chini ya paa la mabati ili mvua isiifikie, ingawa mwezi ule wa nane mvua yenyewe hakuna aliyejua iko wapi. Lea alifika mbele yake saa tatu asubuhi, vumbi hadi magotini. Mkononi alishika ncha moja ya fimbo. Ncha ya pili ilishikwa na mama mkwe wake, Anastazia, ambaye vikope vilikuwa vimemla macho yote mawili, mwaka wa kumi sasa. Nyuma yao alikuja Leonidas, mdogo wa mume wa Lea, na kibuyu cha uji begani. Walikuwa wametembea siku moja na nusu kutoka Mgori, mwendo wa kipofu, ambao ni mwendo wa kusimamasimama.

"Tumefika?" akauliza Anastazia.

"Tumefika, mama."

"Basi tazama."

Mtu waliyekuja kumtazama alikuwa Alute, mtoto wa kwanza wa Anastazia. Aliandikwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, mwaka wa arobaini na moja, ndoa yake na Lea ikiwa na miezi saba na mimba ikiwa na mitatu. Mtoto akazaliwa, akaitwa Hana, akatambaa, akasimama, akajua hata kugombeza kuku. Barua za baba yake zilikuja tatu, kisha zikakatika. Ndipo Chrispin wa Sepuka aliporudi kutoka vitani na mguu mbovu, akaja na habari ya meli. Alisema mwezi wa pili, mwaka wa arobaini na nne, meli ya askari ilizama na watu wengi, na yeye kwa macho yake alimwona Alute bandarini Mombasa akiipanda. Serikali haikuleta neno. Katika orodha ya waliokufa jina la Alute halikuwamo, na mahali pengine popote halikuonekana.

Mwaka ukapita, ukafuata nusu. Simeoni, baba mdogo wa Alute na mkubwa wa nyumba, akasema yatosha. Mtu hawezi kukaa katikati, hai si hai, maiti si maiti, na mke wake yuko katikati pamoja naye. Uwele ukishaingia ghalani watamlilia Alute, watanyoa nywele, watakaa matanga, kisha Lea atakuwa wa Leonidas, ambaye alikuwa amevuka miaka ishirini na minane bila mke. Siku ilikwisha kuwekwa, Jumamosi inayokuja. Mtama wa pombe ulikwisha kulowekwa.

Halafu mchuuzi wa chumvi akapita Mgori na kusema kwamba boma limebandika picha ya askari walioko Bama, vitani ng'ambo ya bahari, imepigwa mwezi wa kumi na mbili. Anastazia akahesabu kwa vidole. Meli ilizama mwezi wa pili. Aliyepigwa picha mwezi wa kumi na mbili hakuzama mwezi wa pili.

"Nipelekeni," akasema.

"Shemeji, utatazama na nini?" Simeoni akamuuliza, si kwa ubaya.

"Lea anayo macho. Nitatazama na ya Lea."

Ndiyo maana Lea alisimama pale. Akasoma kwanza maandishi ya chini, maana darasa la nne la misheni lilimwachia kusoma: ASKARI WETU WA AFRIKA MASHARIKI WAKIVUKA MTO, BAMA, DESEMBA 1944. Kisha akainua macho.

Picha ilikuwa kubwa kama ungo. Mto mpana wa matope, maji yamewafika askari magotini, mizigo kichwani na mabegani. Katikati, baghala wawili wamekataa kutembea na watu wanawavuta. Nyuma milima, na milimani miti imesongamana kama nywele. Lakini macho ya Lea hayakwenda milimani. Yalikwenda kwenye nyuso, kama macho ya mtu yeyote, na tena yeye alikuwa ametumwa uso.

Akaanza juu kulia, akashuka. Alizichambua nyuso zile kama mtu anayetoa mawe katika uwele, moja anaiacha, moja anaiacha. Huyu ana ndevu. Huyu ni mnene. Huyu ana chale za watu wa mbali. Huyu amecheka. Akafika mwisho, akarudi kutoka chini. Nyuso zilikuwa ishirini na saba.

Na hapa kulikuwa na jambo ambalo Lea hakumwambia mtu. Uso wa Alute alikuwa ameusahau. Si kwamba hakumpenda. Aliishi naye miezi saba, tena miezi ya kilimo, wakitoka gizani na kurudi gizani, na tangu hapo imepita miaka minne. Alikumbuka sauti kidogo, na harufu ya ngozi ya ng'ombe waliyolalia. Uso ulikuwa umefutika polepole kama alama ya mguu njiani, kila siku watu wanapita juu yake. Akawa anautafuta uso asioujua, akitumaini kwamba wenyewe utamwita.

Hakuna ulioita.

"Je?" akauliza Anastazia.

"Bado, mama."

"Tazama tena. Mimi nina siku nzima."

Karibu na ubao alisimama tarishi wa boma, Antipasi, askari wa zamani aliyerudishwa kwa ajili ya kifua. Watu walimwita mwenye picha, kwa sababu tangu ibandikwe alikuwa haondoki hapo, akiwaeleza waliouliza na wasiouliza.

"Shikamoo, mama," akamwambia Anastazia.

"Marahaba, mwanangu. Umepigana huko?"

"Nimepigana, mama. Zaidi na mbu." Akaelekeza fimbo yake kwenye picha. "Huyu ni koplo, tazama mkono wake. Huyu ni sajini. Huyu hapa ni mpishi."

"Mpishi unamjuaje?" Leonidas akamuuliza.

"Ndiye peke yake asiyekonda."

"Wako wangapi?"

"Thelathini na mmoja. Nimewahesabu kila siku, kama nilivyokuwa nahesabiwa."

Lea akasikia, akayaacha maneno yapite. Alikuwa amechoka hata masikio.

"Shemeji, sogea nitazame na mimi," akasema Leonidas.

Lea akasogea, akamketisha mama mkwe wake chini, mgongo ukutani, akaketi karibu naye. Akamtazama Leonidas akitazama.

Tabia hii Lea alikuwa nayo tangu utoto. Alilinda ndege shambani kwa baba yake miaka sita, na mlinzi wa ndege hujifunza kutotazama ndege tu. Hutazama suke linaloinama bila upepo. Hutazama mbwa ameelekeza wapi masikio. Baadaye, alipokuwa mtu mzima, akaona kwamba macho ya watu nayo ni hivyo hivyo. Ukitaka kujua mtu anataka nini, usimsikilize, tazama macho yake yanatua wapi.

Leonidas alianza kama yeye, kwenye nyuso. Alikuwa mrefu, mabega yameinama kwa jembe, shati lake limeshonwa begani na Lea mwenyewe. Macho yake yakaenda polepole kutoka uso hadi uso. Yakashuka. Yakafika pembe ya chini, upande wa kushoto, ambako hakukuwa na nyuso, ni kingo za mto tu na kichaka. Yakasimama hapo. Kisha yakaruka ghafla hadi juu milimani, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Yakakaa milimani muda mrefu, ambako hakukuwa na kitu. Yakashuka tena. Yalipokaribia pembe ile yakapita kando.

"Hayumo," akasema, akageuka. "Mimi nakwenda kutafuta maji."

Akaondoka bila chombo.

Watu wakaja na kuondoka. Akaja mchuuzi wa ng'ombe mwenye kofia ya kitambaa. Huyo hata uso mmoja hakuuona.

"Hawa ni punda?" akauliza.

"Ni baghala, mzee. Baba yake punda, mama yake farasi."

"Wanazaa?"

"Hawazai."

"Basi wa nini?" akasema mchuuzi. Akawatazama miguu, akawatazama mgongo, akakisia uzito wa nyama, akaenda zake.

Wakaja wasichana watatu wenye mitungi. Walitazama kaptura za askari na miguu yao mitupu, wakachekeana, wakatajiana yupi wa nani. Akaja mzee mmoja akauliza mto ule unakauka kiangazi au haukauki, na alipoambiwa haukauki akasimama akiutazama ule mto peke yake, maji hayo yote, akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu wa Singida. Lea akawaza kwamba picha ni moja, lakini hakuna wawili walioiona. Kila mtu alitoka nyumbani na picha yake.

Na yeye je, alitoka nyumbani na ipi?

Wazo hilo hakulipenda. Alilisukuma, likarudi. Aliambiwa amtafute Alute, na alimtafuta, lakini kuna kutafuta na kutafuta. Kuna kutafuta mbuzi wako, na kuna kumtafuta mbuzi wa jirani ukiwa umelala njaa na kwako wanakungoja. Tangu mvua za mwaka juzi ni Leonidas aliyemwezekea tembe lake kwa udongo, yeye aliyembeba Hana mgongoni kumpeleka kwa daktari wa misheni. Alizoea sauti ya jembe lake upande wa pili wa shamba. Hakuwa amempenda kwa moto. Alikuwa amechoka tu kungoja, na Leonidas alifanana na mahali pa kuketi.

Karani wa boma, Laurian, akatoka ofisini na kalamu sikioni.

"Antipasi, picha ibandue saa nane. Lori la Kiomboi linaondoka saa tisa, na huko nao wanaitaka."

"Itarudi lini, bwana karani?" Lea akauliza, amesimama.

"Haitarudi. Ikitoka Kiomboi inaendelea." Akamwona Anastazia pale chini. "Nyie ni wa nani?"

"Wa Mgori. Tunamtafuta mtu wetu."

"Mkimwona mseme. Ninaandika jina, ninapeleka jeshini, wanamtafuta. Lakini sitaki maneno ya kilio. Juzi mama mmoja aliniambia watano ni wanawe."

Anastazia aliyasikia yote. Karani aliporudi ndani, alikusanya mikono juu ya fimbo. Kisha akasema, "Mama Hana, jua liko wapi?"

"Bado kidogo lifike utosini."

"Tule kwanza. Macho yenye njaa hayafai."

Leonidas alikuwa amerudi, ameketi mbali, chini ya ukuta wa stoo, mikono juu ya magoti. Lea akampelekea uji katika kata. Alikataa kwa kichwa. Mtu huyu alikuwa ametembea tangu juzi, na usiku wa jana kwa watu wa ukoo alikula viazi viwili tu, na sasa anakataa uji. Lea alisimama na ile kata mkononi, akakumbuka pembe ile ya picha, na macho yaliyokanyaga kaa la moto.

Halafu lingine likamjia, dogo, kama mtu amemgusa begani. Thelathini na mmoja. Antipasi amehesabu watu thelathini na mmoja. Yeye amehesabu ishirini na saba.

Akaiweka kata chini. Akarudi kwenye ubao, akatazama mahali ambapo hakukuwa na nyuso.

Askari huhesabu vichwa, yeye alikuwa amehesabu nyuso. Wawili walikuwa nyuma ya baghala, wameinama. Mmoja alikuwa amefichwa na mzigo. Na wa nne alikuwa pale, pembe ya chini, kushoto, ametoka majini anapanda ukingo, amewageuzia mgongo wenzake na mpiga picha na watu wote. Alikuwa na debe kichwani. Majani aliyoyadhani ni ya kichaka hayakuwa ya kichaka. Yalitoka ndani ya debe.

Lea akasogeza uso mpaka pumzi yake ikagonga karatasi. Debe la maji, lenye matawi ndani ili maji yasimwagike. Kila mwanamke wa Mgori hufanya hivyo. Mwanamume hafanyi, kwa kuwa mwanamume habebi maji. Ila mmoja. Mama yake alipoanza kutoona, na nyumbani hakuna binti, mtoto wa kwanza alichukua mtungi akaenda kisimani, miaka mingi, vijana wenzake wakimwita shangazi. Hata alipooa, asubuhi za kwanza Lea alipoamka alikuta mtungi umejaa na matawi yanaelea juu. Alikuwa amesahau hilo pia. Mguu wa kushoto wa mtu yule ulikanyaga ukingoni vidole vimetazama nje, na hapo Lea aliukumbuka mguu huo, ulivyokuwa ukimpiga teke usingizini.

Hakuhisi furaha. Alihisi kama mtu aliyetua mzigo, akaambiwa safari bado.

Akaenda hadi ukuta wa stoo, akachuchumaa kando ya Leonidas, nafasi ya mtu mmoja katikati yao.

"Shemeji, umeona," akasema.

"Nimeona nini?"

"Macho yako nimeyaona yalikosimama."

Leonidas akachukua kijiti, akachora ardhini, akafuta. "Nimeona majani. Uliza tarishi wako, atakwambia. Askari wote huvaa majani huko, Mjapani asiwaone."

"Ya kujificha huvaliwa kichwani. Hayatiwi kwenye maji."

Kwa mbali walimsikia Antipasi akimweleza mtu habari za mpishi.

"Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumwita shangazi," Leonidas akasema mwisho. "Nikimfuata njia nzima, kutoka kisimani hadi mlangoni. Hakunipiga hata siku moja. Angenipiga maji yangemwagika." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Nilipoliona lile debe nilimjua kabla sijajua ninatazama nini. Basi nikatazama mlima."

"Mimi nilikuwa natazama nyuso."

"Ulitaka kumwona?"

Kwa Lea swali lile lilikuwa zito kuliko siku moja na nusu ya njia.

"Nilitaka kupumzika," akasema.

"Hata mimi."

"Najua."

"Saa nane wanaibandua," Leonidas akasema. "Hapa tunajua wawili tu. Mama haoni. Jumamosi iko karibu." Aliyasema polepole, bila kumtazama, kama mtu anayetaja bei asiyoitaka yeye mwenyewe. "Mimi sitasema neno, wala sitakukataza kusema. Sina nguvu za lolote kati ya hayo."

Lea akasimama, goti likalia. Alitembea kuelekea barazani na hakujua atasema nini hadi alipofika. Anastazia alikuwa ameinua uso, amesikia nyayo, macho yake meupe yakitazama juu kidogo ya kichwa cha Lea, mahali ambapo angekuwa mtu mrefu zaidi. Mwanamke huyu alikuwa ametembea siku moja na nusu akishika ncha ya fimbo, akikanyaga alipoambiwa akanyage, bila kuuliza hata mara moja kama njia ni yenyewe.

"Mama, simama," akasema Lea.

Akamwongoza hadi kwenye ubao. Akamshika kidole, akakiweka pembeni chini. Kidole cha bibi kilikuwa kinene, kikamfunika mtu yule mzima, debe na mguu na vyote.

"Hapa pana nini?"

"Pana mtu anapanda kutoka mtoni. Amegeuka, uso hauonekani. Ana debe la maji kichwani, na ndani ya debe ameweka matawi."

Kidole cha Anastazia hakikuondoka. Watu wawili waliokuwa wakitazama picha wakasogea kando wenyewe.

"Matawi mangapi?" akauliza.

Lea akasogeza kidole kidogo, akahesabu. "Matatu."

"Hesabu vizuri."

"Matatu, mama. Mawili yamepishana, la tatu limelazwa juu yake."

"Mawili ndiyo niliyomfunza," akasema Anastazia. "Watu wote huweka mawili au rundo tu. La tatu aliliongeza mwenyewe. Alikuwa mtoto mwoga wa kumwaga." Akageuza sikio kwa Lea. "Mguu?"

"Wa kushoto umetazama nje."

"Mwite karani."

Laurian alikuja na daftari, akasikiliza, akainama akaitazama ile pembe, akaitazama tena kwa kukunja jicho.

"Huyu hana uso," akasema.

"Mgongo wa mtoto wangu unanitosha," akasema Anastazia.

"Unakutosha wewe, mama, na mama haoni. Na huyu ni mke, anangoja. Wote mnataka awe yeye." Hakuwa mkali, alikuwa karani. "Niletee mwanamume wa nyumba, asiyefaidi kitu, aseme ni yeye na atie dole gumba. Hapo nitaandika."

Lea akageuka. Leonidas alikuwa amesimama tayari, katikati ya ukuta wa stoo na baraza, kwenye jua, kofia mkononi. Alikuwa amesikia. Kutoka pale alipokuwa hadi barazani ni hatua kama ishirini, na Lea aliziona zote, maana hakuwa na kitu kingine cha kutazama. Hatua za katikati zilikuwa fupi kuliko nyingine.

"Wewe ni nani wake?" Laurian akauliza.

"Mdogo wake. Tumbo moja."

"Unamjua huyu?"

Leonidas akatazama picha. Safari hii macho yake yalikwenda moja kwa moja, yakatua, yakakaa.

"Namjua."

"Umemjuaje?"

"Hakuna mwanamume mwingine katika nchi yetu anayebeba maji hivyo. Tulimcheka sana."

Karani akaandika. Alute wa Mgori, ameonekana na mama, mke na ndugu, Bama, Desemba 1944. Akamsogezea Leonidas kidau cha wino. Leonidas akalitazama dole gumba lake kana kwamba ni la mtu mwingine, akalichovya, akalikandamiza kwenye karatasi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Yatosha," akasema Laurian. "Jeshi likijibu, litajibu kwa jumbe wenu. Inaweza kuchukua mwaka."

"Na sasa ni mwezi wa nane," akasema Anastazia taratibu, kama anayejiambia. "Picha ni ya Desemba. Toka Desemba mpaka leo mengi hupita."

"Ndiyo, mama. Mimi naandika cha Desemba tu."

Saa nane Antipasi aliibandua picha, pembe kwa pembe, akitia ncha ya kisu chini ya gundi. Pembe ya chini kushoto ilichanika kidogo. Akailainisha kwa mate, akaikunja picha pamoja na gazeti, akaipeleka kwenye lori. Ubaoni pakabaki umbo jeupe la mstatili, na tangazo la kodi ya kichwa ambalo hakuna aliyelitazama siku zote hizo.

Wao wakashika njia ya Mgori jua likiwa limeanza kulegea. Leonidas alitangulia. Alikuwa amejifuta wino kwenye ukuta, kwenye nyasi, kwenye shati, na bado dole lilikuwa jeusi, akawa analificha ndani ya ngumi. Hatimaye akasema bila kugeuka, "Baba mdogo atauliza habari za pombe."

"Tutainywa," akasema Anastazia. "Kwa nini imwagwe. Tutasema ni ya mavuno."

"Na shamba la kaka?"

"Utalilima, kama ulivyokuwa unalilima. Nani alikwambia uache?"

Leonidas akacheka kidogo puani, kicheko kisicho na nguvu, akaendelea mbele.

Wakapita majabali makubwa ya nje ya mji, wakapita mahali ambapo ng'ombe walikuwa wakirudi kutoka kunywa. Lea alishika ncha yake ya fimbo. Moyoni alijaribu kumweka Alute mbele yake kama alivyomwona, na akaja, lakini amegeuka, anapanda ukingo na debe lake, anakwenda zake ng'ambo ya mto bila haraka ili asimwage. Uso haukuja. Basi akamwacha apande.

"Mama Hana," Anastazia akaita nyuma yake. "Machweo yakoje leo? Zamani upande huu yalikuwa mazuri."

Lea akainua kichwa. Mbingu yote ilikuwa nyekundu, na huenda ilikuwa hivyo kwa muda mrefu. Hakuwa ameiona. Macho yake tangu mjini yalikuwa chini, hatua mbili mbele ya miguu ya bibi, yakitafuta mawe.

"Mazuri, mama," akasema, akayarudisha chini. "Inua mguu, hapa pana jiwe."